Vidonge Ishirini na Kimoja kwa Wanawake Watatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Filimbi ya kufungua kijiji imeshalia, na Jawahir Korane amechuchumaa karibu na moto, ameupa mgongo. Mkono mmoja ameurudisha nyuma, anazungusha kijinga cha moto ndani ya chombo cha maziwa bila kukiangalia. Uso ameuelekeza unakotoka upepo.

"Mimi na moto tumegombana," anasema. "Sasa tunafanya kazi bila kuangaliana."

Kufukiza vyombo ndiyo kazi iliyompa jina. Maziwa ya ngamia yasipotiwa kwenye chombo kilichofukizwa hayafiki mjini yakiwa na ladha, na wanunuzi wa Garissa wakionja funda moja tu wanamjua mwanamke aliyeyaleta. Moshi wa Jawahir ulikuwa unauliziwa sokoni. Mwaka huu wa 1967 wateja wameanza kukunja uso: moshi umepungua, wanasema, au umezidi, au siku hizi hata haueleweki.

Naye haelewi. Moto wa nje ukimkaribia, wa ndani unaamka. Unaanzia kifuani, unapanda shingoni mpaka masikioni, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji, kisha anatetemeka kwa baridi. Usingizi umemkimbia. Hedhi yake huja mara mbili kwa mwezi mmoja, halafu hupotea miezi mitatu. Mara mbili amedondosha kijinga na kuunguza chombo cha nyuzi za mizizi kilichomchukua wiki sita kukisuka.

Ukimwuliza umri anakuambia alizaliwa mwaka wa ukame. Mwaka upi, hakumbuki, ilikuwa mingi. Hospitalini wamemwandikia miaka arobaini na saba.

Ingekuwa zamani angepumzika, binti au shemeji akashika kazi. Lakini tangu watu wakusanywe vijijini kwa sababu ya vita vya jeshi na wapiganaji wa msituni, hakuna anayetoka bila kibali. Katika kona yao ya kijiji, yenye nyumba kumi na nne, kibali cha kupeleka maziwa mjini kina jina moja, la Jawahir. Akishindwa kazi kitarudishwa kwa ofisa wa kijiji, na hakuna aliyeahidi kwamba mwingine atakipata. Unga, sukari na majani ya chai ya nyumba zile hurudi pamoja naye jioni.

Ndiyo maana mwezi uliopita alijikaza akaenda kumwona daktari, mama mmoja anayekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, nyuma ya magari ya jeshi. Daktari alimweleza kwamba huo si ugonjwa. Mwili wa mwanamke hujitengenezea kitu kinachoitwa homoni, na umri ukisogea hupungua kwa kusuasua kabla ya hedhi kukoma kabisa. Kinaweza kuongezwa kwa vidonge au kwa sindano. Alimpa vidonge ishirini na kimoja, kimoja kila siku, kisha apumzike siku saba, na katika siku hizo atarajie damu.

Hayo ndiyo aliyosema daktari. Aliyoyasikia Jawahir ni machache zaidi, kwa sababu mkalimani alikuwa Dubow, mfunga vidonda wa hospitali, ambaye ni mtoto wa kaka yake. Mtu atamwelezaje shangazi yake habari za hedhi? Dubow alitazama ukuta akasema kwa Kisomali: "Eeddo, shangazi, hii ni dawa ya joto. Meza kila siku." Habari ya damu aliiacha palepale ukutani.

Jawahir akarudi kijijini na vidonge vyake. Akawakuta Kaaha na Lul, majirani zake, wamekaa kivulini wakijipepea kwa ncha za mitandio. Wote wawili wana joto lilelile. Kaaha amefikia kulala chini kwenye mchanga. Lul, mpole kuliko wote, mwezi ule alimrushia mumewe kikombe na hadi leo hajui kwa nini.

Hapo likatendeka jambo ambalo lingemfanya daktari yeyote ashike kichwa, na ambalo hapa kila mtu angelishangaa kama lisingetendeka. Jawahir alitandaza kitambaa, akagawa. Saba wewe, saba wewe, saba mimi. Hata tende moja hapa mtu haili huku mwenzake anamtazama.

Kwa wiki moja wanawake watatu walipata nafuu kidogo, au walidhani wamepata. Vidonge vikaisha. Siku chache baadaye Jawahir akatokwa na damu ambayo hakuna aliyemwambia itakuja. Akaacha kuswali, kisha akashuku huenda si hedhi bali ugonjwa na alipaswa kuswali, kisha akaogopa kabisa. Kaaha alisema dawa ya serikali imemtoboa. Lul alisema anywe habasoda. Bibi mmoja alisema achomwe mgongoni kwa chuma cha moto, kama wazee walivyofanya. Mwandishi wa makala hii, anayefuatana na Jawahir kwenda mjini, aliyasikia yote hayo njiani leo, na anakiri kwamba hakuwa na lake la kuongeza.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari anamwamuru Jawahir aonje maziwa ya kila chombo mbele yake, isije ikawa yana sumu. Anaonja. Askari anapekua kifurushi chake akiuliza kama amebeba dawa, maana dawa yoyote hudhaniwa inapelekwa kwa wapiganaji msituni. Mwezi uliopita alivipitisha vidonge vyake kwa kuonyesha cheti cha hospitali. Leo hana kitu.

Saa nne yuko hospitalini. Msafara wa daktari unaondoka saa nane, kwa hiyo leo lazima aamue kuhusu dawa. Daktari anasoma karatasi, anauliza hali, Dubow anautafsiria ukuta. Joto halikupungua, damu imekuja kabla ya wakati. Daktari anatikisa kichwa. Vidonge vimeshindwa, anasema, ni bora sindano: moja kila mwezi. Ubaya wake ni kwamba barabara ikitegwa mabomu na msafara usifike, sindano haipo.

Jawahir anamwambia Dubow atoke nje, naye Dubow anatoka mbio kama aliyefunguliwa kamba. Jawahir anamgeukia mwandishi. "Wewe ni mwanamke. Mwambie kwa Kiingereza. Mwambie dawa yake haijashindwa. Mimi nimegawa."

Daktari akielezwa anauliza aligawa kwa nani, na kama wanawake hao walipimwa presha na matiti. Hawakupimwa, hawana kibali cha kuvuka kizuizi. Anaeleza upya, taratibu, na safari hii habari ya damu inafika. Jawahir anashusha pumzi. Basi haikuwa maradhi. Vidonge vinaweza kujaribiwa tena, daktari anasema, ila avimeze yeye peke yake vyote ishirini na kimoja. Ataweza?

Mtu mwingine angejibu ndiyo, mambo yakaisha. Jawahir anafikiri kweli. Anaegemea vidonge, kwa sababu vikiwa mkononi havingoji barabara. Anaegemea sindano. Anarudi kwa vidonge.

"Nikiwa na kidonge na Lul anatoka jasho mbele yangu, nitampa," anasema mwishowe. "Mimi najijua. Nipe sindano. Hiyo haigawanyiki."

Anachomwa. Kisha anaomba kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya dawa: barua kwa ofisa wa kijiji, kwamba Kaaha na Lul wanatakiwa hospitalini mwezi ujao. Daktari anaiandika na kuipiga muhuri.

Jioni, kabla ya filimbi ya kufunga, wenzake wawili wanamngoja uani. Kaaha ameshatandaza kile kitambaa. Jawahir anasimama mbele yao mikono mitupu, na uso wake una aibu ya mtu aliyekula peke yake. Hajui kama joto litapungua, wala kama ofisa atakubali, wala kama gari la daktari litafika. Anaichomoa barua, anaiweka katikati ya kitambaa.

"Mwezi ujao tunaenda hospitalini watatu," anawaambia. "Wakiwakatalia nyinyi, na mimi sichomwi sindano tena."