Babu Aliyesuka Nywele

Jamani, leo nimeibiwa nikiwa nimeketi mstari wa mbele, kwa matanga huko Kombewa.

Jirani yetu Odhiambo akasimama na simu yake, asome maneno ya kumuaga babu yake. Sentensi ya kwanza tu, nikajua. Hiyo ni posti yangu! Niliiandika mtandaoni tulipomzika nyanya.

Jamaa ametoa "nyanya" akaweka "babu." Mengine yote ameacha vile vile.

"Babu, sasa nani atanisuka nywele kabla ya kanisa?"

Odhiambo ana kipara.

Nikangoja watu wacheke. Wapi! Wanalia.

Mama, ambaye hajawahi kuingia mtandaoni, akanigeukia na machozi:

"Na wewe, mbona hukumwandikia mama yangu maneno kama haya?"

Sasa nianze na nani, Odhiambo ama Mama?