Chelezo cha Ndara

Fundi viatu wa hapa Langoni ametoboa soli ya ndara kwa msumari wa moto, na harufu ile imenirudisha Siyu, nikiwa msichana mdogo.

Baba alitaka chelezo kipya cha mshipi, chepesi, kizame samaki akidonoa tu. Nilizijaribu ndara zote za nyumbani kwenye beseni. Iliyoelea kushinda zote ni ile ya kaka, iliyookotwa ufuoni alipokufa maji. Nikaikata, nikaitoboa, nikampelekea nikichekelea.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Mvunguni mwa kitanda cha mama. Yaelea kweli, baba!"

Hakunigombeza. Alikifunga, tukaketi penye mikoko. Samaki akauma. Chelezo kikazama, kikazuka, kikazama tena.

"Vuta, baba!"

Baba hakuvuta.