Bakuli la Kalanga la Honorine

Mwaka ule wa 1978, vita vya waasi kule Kolwezi vikiwa vimetoka kuisha, mtu mwenye akili zake pale Lubumbashi alifunga mdomo, akafunga na dirisha. Mwenze alifunga mdomo tu.

Siku za kazi alichunga tanuru la shaba. Jumamosi alipuliza saksofoni ya kampuni kwenye animasiyo, ile ngoma ya lazima ambapo kambi nzima ya wafanyakazi, mainjinia hadi wafagizi, ilimwimbia Kiongozi wa nchi na kumchezea. Miaka minane nyimbo zilezile, zimenyooka kama reli. Halafu mwalimu mmoja wa kigeni, akikimbia vita, akamwachia diski, santuri nyeusi ya muziki.

Ee, diski hiyo! Saksofoni inaanza peke yake, chini kabisa, kama mtu anayejisemea jikoni. Zinaingia ngoma za Wahindi, kisha zumari la Waarabu, na saksofoni haiwaogopi: inawafuata hadi kwao, inakula chakula chao, inarudi na habari. Mahali fulani inapanda sauti saba, inasimama juu ya ile ya saba, inakataa kushuka. Hapo Mwenze alilia, mwanaume wa miaka arobaini, bila aibu. Hakuwahi kujua kwamba chombo alichokishika miaka yote hiyo kinaweza kwenda mbali hivyo bila kuomba ruhusa. Kila alipotoka kazini aliiweka tena, dirisha wazi.

Honorine, mke wake, hakuchukia muziki. Alichukia lile dirisha. Jirani yao Faustin alikuwa amechukuliwa na askari kwa sababu ya redio tu, na mkewe alikuwa bado anapeleka chakula kwenye geti la gereza lisilofunguka. Na jalada la diski lilikuwa na maandishi ya Kiarabu! Alipomwonya mumewe, Mwenze alicheka. Kichwa ngumu kabisa yule. Mimi ningempiga na mwiko.

Alhamisi Mumba, msimamizi wa chama pale kambini, alisimama barabarani, mikono nyuma, akasikiliza hadi mwisho. Akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake. Kesho yake asubuhi, kwenye bomba la maji, wanawake walimnong'oneza Honorine kwamba Mumba anasema zile sauti ni ishara za waasi.

Mwenze akiwa kazini, Honorine alichoma jalada kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Akafunika sufuria kifudifudi juu ya makaa, akaweka diski juu yake, akaingoja ilegee, akaikunja kingo. Ikawa bakuli. Wanawake wa kambi walifanya hivyo na diski mbovu, wakawekea kalanga. Lakini hii haikuwa mbovu.

Jioni Mumba alikuja na askari wawili. Walipekua kitanda, gunia la unga, hata sanduku la saksofoni. Mwenze alisimama ukutani, jasho linamtiririka. Naye hakujua diski iko wapi. Honorine akawatengea wageni kalanga.

"Sitwayeni Mwenze," Mumba aliuliza kwa lugha ya chama, raia kwa raia, huku akitafuna, "ile muziki ya kila siku iko wapi?"

"Iliharibika, papa," Honorine alijibu. "Mukule kalanga."

Ndipo Mwenze alipoona mistari myembamba kwenye kingo za bakuli. Wageni walimaliza kalanga, wakaondoka. Mwenze alifuta chumvi, akalipakata bakuli.

"Umeniokoa," alimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika.

Jumamosi uwanja ulijaa, Mumba mstari wa mbele. Wimbo wa Kiongozi ulikwenda vizuri hadi ubeti wa tatu. Hapo vidole vya Mwenze, vidole tu, vikashuka chini kabisa, vikaanza kujisemea. Wapiga ngoma walidhani ni mtindo mpya, wakamfuata. Watu wakapiga vigelegele. Akapanda moja, mbili, hadi ya saba, akasimama juu yake. Alitaka kushuka, naapa alitaka.

Mumba aliacha kupiga makofi, akatoa daftari lake. Honorine alimwona. Naye aliendelea kucheza katikati ya wenzake, amejifunga kitenge chenye picha ya Kiongozi, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuacha.