Ukili wa Mikono Mingi

Siku hizi walimu tunahimizwa tufundishe kwa vitu vilivyo karibu na mtoto. Mimi hucheka tu. Tangu nianze kazi hii hapa Msambweni, masomo yangu nimekuwa nikiyaiba nyumbani kwa mama. Nusu na robo nilizifundisha kwa mahamri yake, donge lililosukumwa likakatwa nne kabla ya kutiwa mafutani. Ujazo niliufundisha kwa kata yake ya maji. Nilipomweleza, alinibetulia mdomo. "Ala! Kumbe jiko langu ndilo mwalimu, wewe ni mpiga kengele tu."

Mama alikuwa msusi wa mikeka, lakini mimi hakunifunza. Kila nilipoisogelea miyaa, yale majani makavu ya kusukia, alinifukuza: "Kasome huko! Nyumba hii mkono wangu unatosha." Nikasoma kweli, na kusuka ukili nisijue. Ukili ndio ule msuko mwembamba mrefu, unaoshonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka.

Mwaka jana alianza kuusuka wake mwenyewe. Kwetu maiti akishalazwa kaburini, huwekwa mbao, juu ya mbao mkeka, ndipo mchanga ufukiwe. Mama alitaka huo wa juu ya mbao utoke mkononi mwake. Nilikasirika. "Mama, wajichuria kifo!" Akanitazama kama ninavyowatazama mimi watoto wasiofanya kazi ya nyumbani. "Kufa ni faradhi, mwanangu. Niache nisuke."

Ukili haujatosha, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukajikunja na kukataa kufunguka. Mama aliyepima kila kitu kwa shibiri, sasa shibiri yenyewe hana. Neno alilolirudia, kwa ulimi mzito, lilikuwa moja: "Mkeka wangu." Nikamwambia nitamnunulia mzuri Ukunda. Akageuza uso ukutani.

Wala singeweza kumwomba jirani amalizie. Ukili kwetu ni wa mkono mmoja. Huyu huvuta, yule hulegeza, na mkeka ukishonwa hupinda, kwa hiyo msusi anayejiheshimu hachanganyi mikono. Labda angeukubali mkono wa bintiye, nao alikuwa ameutunza kwa ajili ya chaki. Nililia jikoni siku ile, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Wiki hiyo Gredi ya Nne tulikuwa na somo la urefu. Sikuwa nimetayarisha chochote, kichwa kilikuwa nyumbani. Asubuhi niliubeba ule ukili pamoja na fungu la miyaa lililokuwa kando yake, nikaukunjua sakafuni, toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, nikawaambia watoto waupime kwa shibiri. Kila mmoja akaja na jibu lake. Wakabishana nusura wapigane. "Wewe una vidole vya kaa!" Hapo nikatoa rula, na somo likaingia lenyewe.

Msichana mmoja alikuwa amechuchumaa penye ncha, pale nilipokuwa nimeifunga kwa kitambaa isifumuke. "Mwalimu, huu bado haujaisha. Wa nani?"

"Wa mama yangu."

"Wa kulalia?"

"Wa kujifunikia."

Darasa likaangua kicheko. Nani hujifunika mkeka, mwalimu? Nikacheka nao, kisha nikaugeukia ubao nikaandika tarehe ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Nilipogeuka tena, yule msichana alikuwa amekifungua kitambaa na anasuka. Nilitaka kumkemea, nikamwacha. Hawa ni watoto wa nyumba za mikeka, vidole vilikuwa vikiwawasha. Wakapokezana, hata wavulana, siku ile na zilizofuata, kila wakati wa mapumziko, mpaka ukatosha.

Niliurudisha nyumbani nikiogopa. Nikamwekea mama katika mkono wa kushoto, akaupitisha vidoleni taratibu.

"Huyu kavuta," akasema. "Huyu mvivu. Huyu... mkono mzuri. Mtoto wa nani?"

Nikamweleza kwamba ni wanafunzi wangu wote.

"Ulikuwa ukiwafundisha nini?"

"Kupima, mama. Kwa shibiri."

Aliutazama ule mkono wake uliojikunja, na machozi yakamtoka. Mimi pia nilishindwa kujizuia. Tukalia, ukili umelala baina yetu.

"Shona," akasema.

Nikashona mimi, yeye akinigombeza kwa macho. Ukapinda, tena vibaya. Mama alifariki kabla ya mvua za masika. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, na kaka yangu aliporudi kutoka makaburini aliniambia mkeka ulikataa kutulia juu ya mbao. Upande mmoja uliinuka, ikambidi aukandamize kwa kiganja mpaka mchanga ulipouzidi.

Niliporudi shuleni, watoto walisimama wote wakanipa pole kwa pamoja. Niliwaambia wakae, nikaanza kuandika ubaoni. Yule msichana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ule mkeka wa kujifunikia, ulimtosha?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ulimtosha," nikasema. "Mpaka miguuni."