Kuku wa Tathmini

Mama Rachida wa Mikelenge, hapa Kindu, amepikia wageni kuku wengi maishani mwake, lakini ni wawili tu waliogusa faili za wafadhili. Wa kwanza alipikwa. Wa pili hakupikwa siku aliyotakiwa. Mimi Soudi, karani wa chama chake, ndiye ninayetunza faili hizo, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Wa kwanza ni wa mwaka 2002. Mji ulikuwa umezingirwa. Aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, na treni haikuonekana. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa reli, yaani nilikwenda kituoni kila asubuhi kuandika kwamba treni haikufika. Rachida alikuwa muuza mchele asiye na mchele. Aliishi na mama yake, Bibi Zaituni, ambaye homa ilikuwa imemlaza, na kuku jike mmoja aliyetaga yai kila baada ya siku moja. Yai lilikuwa la Bibi.

Siku moja ikatua ndege ya watu waliokuja kupima njaa yetu. Walikuwa watatu, wenye kalamu nzuri, na walipangiwa kutembelea nyumba tano. Ya Rachida ilikuwa mojawapo. Bibi Zaituni aliposikia sauti uani, aliinuka kitandani kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Rachida, wageni wamekula?"

"Mama, hawa wamekuja kuangalia kama sisi tunakula."

"Nimeuliza, wamekula?"

Kuku akachinjwa. Kikombe cha mwisho cha mchele kikapikwa. Jirani mmoja akaleta viti, mwingine kitambaa cha meza. Nyumba nyingine nne nazo zikafanya vivyo hivyo, maana sote tulilelewa na mama wa aina moja. Wageni wakala, wakashukuru, wakaandika. Walichoandika nilikuja kukisoma miaka mitatu baadaye, ofisi yao ilipofungwa na karatasi zake kuishia sokoni kufungia karanga: "Hali ya chakula katika kaya zilizotembelewa ni ya kuridhisha." Chakula kilipelekwa mji mwingine. Karanga zilikuwa nzuri.

Bibi Zaituni alifariki wiki sita baada ya ugeni huo. Sisemi ni kwa sababu ya kuku, sikusomea udaktari. Nasema tu kwamba yai halikuwapo tena. Kabla ya kukata roho alimwambia binti yake, "Hakuna mugeni alitoka kwangu na njaa." Alisema hivyo kwa furaha, na furaha hiyo inaniudhi mpaka leo.

Vita vikaisha, au vilihamia kwingine. Lakini mto Lualaba haukutia sahihi mkataba wowote wa amani. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kwanza, maji yaliingia Mikelenge ya chini asubuhi, na kufikia adhuhuri yalikuwa madirishani. Tulikuwa na mitumbwi mitatu ya wavuvi kwa nyumba zaidi ya mia mbili. Mzee Onema alikaa siku mbili juu ya paa lake akingoja zamu. Mkewe hakuwahi kulipanda paa hilo. Mzee hasimulii habari hiyo, na sisi hatumwulizi.

Baada ya mazishi, Rachida, ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama cha akina mama, aliingia kwangu na kusema neno moja: "Andika." Tulitaka boti moja yenye injini, na ghala mlimani la kuwekea chakula na mahema kabla ya maji kuja. Niliandika miradi saba. Mfadhili mmoja alijibu kwamba mfuko wake ni wa maafa, na sisi kwa sasa hatuna maafa. Maji yalipopanda tena kidogo tukamwandikia haraka. Akajibu kwamba mfuko umebadilika, sasa ni wa kujiandaa, na sisi tumechelewa.

Wafadhili tuliowaandikia mara ya nane walijibu kwamba wanakuja kufanya tathmini.

Rachida akaita mkutano. "Safari hii hakuna kuku," alisema. "Hakuna wali. Viti vyote vipelekwe kwa shangazi zenu. Mutu asivae kitenge kipya."

Watu wakatazamana. Mzee Onema akasimama. "Mama Rachida, mugeni anatoka mbali vile, tumuachilie aende na njaa? Tuko watu gani?"

"Tuko watu wenye kutaka boti, Mzee."

Hapo akaketi. Yeye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuitaka hiyo boti.

Mgeni alikuwa mama mmoja wa Ulaya, Madame Odile, pamoja na mkalimani wake. Alitembea kwenye tope bila kulalamika, akapima alama za maji ukutani, akakalishwa juu ya dumu lililopinduliwa. Hatukumwonyesha kitu cha uongo. Nyumba zilikuwa zimeanguka kweli, na makaburi yalikuwa ya kweli. Kilichofichwa ni jogoo mwekundu mmoja, ambaye Mzee Onema alikuwa amemfunga nyuma ya nyumba pasipo ruhusa, iwapo Rachida angebadili mawazo. Katikati ya mahojiano jogoo akawika. Mkalimani aligeuza uso kuelekea sauti, kana kwamba anatafuta tafsiri.

"Mzee, unakula mara ngapi kwa siku?" akauliza Madame.

"Mara moja," alijibu Onema. Ilikuwa kweli, lakini aliitamka kama mtu anayekiri wizi. Kisha ikamshinda. "Na wewe, Madame, umekula?"

Madame Odile akacheka. Alisema hapana, tangu jana, kwa sababu ndege iliondoka alfajiri, lakini si neno. Sote tukamgeukia Rachida. Jogoo akawika tena. Rachida alikunja na kukunjua ncha ya kanga, halafu akasema, "Tuendelee na maswali."

Madame aliondoka saa nane mchana na njaa yake. Rachida akaingia ndani, akafunga mlango, akaumwa kichwa siku mbili.

Miezi mitatu baadaye barua ikafika. Tumekubaliwa: boti yenye injini, makoti ya kuelea arobaini, na baada ya hapo ghala. Walikuwa wameambatisha ripoti kwa Kifaransa, nami nikaanza kuitafsiri kwa sauti, kwa madaha, mpaka nikafika mahali hapa: "Umaskini umefikia kiwango ambacho hata desturi ya kumkirimu mgeni imepotea. Alama: tano juu ya tano."

"Rudia," alisema Rachida.

Nikarudia.

"Imepotea? Desturi ya mama yangu?"

"Njo vile wameandika, Mama. Na njo imetupa boti."

Alilia. Miaka yote ya vita sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mama yake. Kisha akafuta uso, akaniambia nichukue kalamu. Alinitamkia, nami nikaandika: "Siku ile kuku alikuwako. Ni jogoo mwekundu, mlimsikia wenyewe. Mchele pia ulikuwako. Tuliwanyima kwa makusudi, na tunaomba radhi. Boti mkitaka kuichukua, ichukueni, lakini sentensi ile ifuteni."

Karani mwenye akili timamu hatumi barua kama hiyo. Niliiweka mezani kwangu, chini ya kalenda. Kila Ijumaa Rachida aliniuliza, "Wamejibu?" Nami nilimjibu, "Bado," jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa.

Boti ilifika mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza mwaka huu maji yakaja, mapema na kwa hasira zaidi kuliko ile mara ya kwanza. Boti ilibeba watu mia mbili na kumi na wawili kwa siku moja. Mzee Onema alipanda akiwa na jogoo wake kwapani na hakutaka kumwachia mtu. Safari hii hatukuzika mtu yeyote.

Maji yalipopungua, Rachida alikuja ofisini kwangu asubuhi na jogoo yule yule, amefungwa miguu, akamweka juu ya karatasi zangu.

"Barua iko chini ya kalenda," alisema. "Najua tangu siku ya kwanza. Sasa itume. Na huyu jogoo, Mzee Onema amemtoa. Kuna mutu anapanda ndege ya kesho kwenda Kinshasa, amupelekee Madame ofisini kwake."

"Mama, ghala bado halijajengwa. Wanaweza kutunyima."

"Watunyime. Watu wamevuka."

Niliituma siku hiyo hiyo. Jibu halijaja, na ghala mpaka leo ni vigingi vinne mlimani. Wiki iliyopita mkalimani alinipigia simu kuniambia kwamba jogoo alifika mzima na Madame Odile alimla. Nilikwenda mbio kumpa Rachida habari. Aliniuliza jambo moja tu: kama Madame alimla kwa wali.