Aliyoinong'oneza Nta

Nta nyingine ya Tabora Waingereza waliipakia kwenye treni ikaenda kwao. Ya mpika nta wa misheni iligeuzwa mishumaa, ikawaka kanisani. Vidole vyake havikuwa na alama kwenye ncha. Nta ya moto ilizifuta kwa miaka mingi, vikabaki laini kama ganda la yai. Kila asubuhi, kibandani kwake Ipuli, aliinamia sufuria akakoroga polepole, midomo ikimcheza, wala hakuitikia shikamoo ya mtu mpaka amalize kumimina. Watu wakasema, huyo ni mtu wa sala. Koleta, mfagiaji wa kanisa, alimwonea wivu.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya mishumaa, Koleta alitumwa kwake kuchukua mishumaa. Akasimama mlangoni, akasikia. Haikuwa rozari. Lilikuwa jina la Wenceslaus, ndugu wa tumbo moja wa mpika nta, na kila baada ya jina, neno moja: "Azimike. Azimike."

"Baba, unasema nini?"

"Niko peke yangu humu, mwanangu. Nikisema, namdhuru nani?" Akamimina, hata tone halikumwagika.

Siku ya sikukuu madirisha yalifungwa kwa sababu ya mvua, waumini wakawasha mishumaa yao. Hapakuwa na upepo. Ndimi zote za moto zikainama taratibu upande mmoja, kwenye benchi alikoketi Wenceslaus na watoto wake. Watu wakaendelea kuimba. Koleta akautazama mshumaa aliokuwa akimwombea nao mama yake mgonjwa. Ulimi wake nao ulikuwa umeinamia kwa Wenceslaus.