Punje ya Kahawa Niliyoimeza Mchezoni

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kutawala nyota. Ulitoka Uingereza ndani ya boksi, ukaletwa na mjomba wa rafiki yetu Mhindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini Bukoba. Ubao ulikuwa mweusi, umechorwa sayari, na kila mchezaji alikuwa na himaya yake na meli zake za angani. Meli nyingi zilikuwa zimepotea, tukaziba pengo kwa vifuniko vya soda. Tulikuwa watatu: huyo mwenye ubao, mimi niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa Kashai, na rafiki yangu aliyekuwa karani wa mizigo bandarini Kemondo. Tulicheza Jumapili mchana, baada ya misa, kwenye chumba cha nyuma ya duka, mvua ikipiga mabati mpaka tunasemezana kwa kupaza sauti.

Rafiki yangu hakutaka kupigana. Alikuwa amekwenda vitani miaka ile, akavuka Mto Kagera na bunduki, na alisema vita ya kweli ilimtosha, hawezi kuua watu hata wa karatasi. Kitabu cha sheria kilikuwa na ukurasa mzima juu ya mikataba kati ya himaya. Yeye hakuusoma. Alifanya siasa zake za Kihaya. Ukisogeza meli mpakani kwake anakuzawadia sayari, tena ile nzuri, halafu anakuuliza habari za nyumbani. Unabaki na aibu, meli zinarudi zilikotoka. Siku moja nilikuwa nimemzunguka pande zote, akavua kofia akatangaza msiba. Amefiwa, alisema, kwenye sayari ya pembeni. Na kwetu, palipo na msiba hakuna anayeshika jembe. Nilibishana, nikasema meli si jembe. Mwenye ubao, aliyezaliwa hapa na kuzika pamoja nasi, akaamua meli zisimame. Zikasimama raundi nne, nami nilikasirika kweli.

Mwanzoni tulicheka. Kisha tukaona kwamba kila alipotangaza msiba ubaoni, wiki hiyo unatokea wa kweli. Sisemi alikuwa anaagua. Misiba ilikuwa mingi kiasi kwamba ungeweza kuitangaza bila kufikiri na usikosee. Kwao Ijumbi majembe yalikaa ukutani mwezi mzima, huyu akianuliwa matanga yule anafariki, magugu yakapanda ndani ya vibanja vya migomba, na mchana wa jua kali mtu alipita nyumba tatu mfululizo bila kusikia mtoto wala kuku. Hata hivyo nilimwambia aache hizo habari za msiba.

"Sawa," alisema. "Basi tutafute njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa omukago. Wahaya wa zamani walifanya undugu kwa kahawa: tunda moja lina punje mbili, kila mmoja anaipaka yake damu ya tumboni kwake, anampa mwenzake, mwenzake anameza. Kuanzia hapo ni ndugu kuliko ndugu wa kuzaliwa. Akifa, wanawe ni wako. Ukimgeuka, ile punje inavimba tumboni mwako mpaka inakuua.

Alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna, akapasua tunda moja kwa meno. "Himaya yangu na yako," alisema.

"Na damu?" niliuliza kwa utani.

"Damu tuiache. Damu siku hizi haina adabu."

Mwenye ubao akainama kutafuta kifuniko ambacho hakikuwa kimeanguka. Mimi nikameza. Nilikuwa nakaribia kushinda, nilitaka tu mchezo uendelee. Yeye alimeza yake taratibu, akinitazama mimi badala ya ubao, akasema kwa Kihaya maneno yote ya omukago, mpaka yale ya watoto, bila kutabasamu. Mkanda wake ulikuwa na matundu mapya mawili, yaliyotobolewa kwa msumari. Niliyaona, nikanyamaza, kama tulivyonyamaza wote miaka ile.

Alikufa kabla mwaka haujaisha. Aliacha binti mmoja wa miaka mitano. Mama wa mtoto alikuwa ametangulia. Siku ya mazishi, pale Ijumbi, mama wa marehemu alinishika mkono mbele ya watu, akanisemesha kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu, mwanangu aliniambia mlikula omukago. Mtoto wako ndiye huyu. Macho yangu hayaoni tena, na wengine wote nimewazika."

"Mama, tulikuwa tunacheza," nilisema.

"Alimeza?"

"Alimeza."

"Na wewe?"

Nilichomoa mkono wangu. Niliondoka kabla watu hawajatawanyika, nikapanda lori la ndizi kurudi mjini. Njia nzima nilijitetea: ni mseja, nina chumba kimoja, mshahara wenyewe wa kuungaunga.

Jumapili iliyofuata tulikaa wawili kwenye ubao. Sayari za marehemu zilikuwa palepale, na vifuniko vyake. Zamu yake ilipofika tuliisubiri ipite, kisha tukaendelea. Hakuna aliyependekeza tufanye hivyo. Mara ya tatu zamu ile ilichukua muda mrefu kuliko zetu, na mwenye ubao akaanza kufunga boksi.

Halafu asubuhi moja suruali yangu ikakataa kufunga kifungo. Watu walikuwa wakijichunguza kila siku kama wanakonda. Mimi peke yangu Kashai nzima niliogopa kunenepa. Nililala chali nikibonyeza tumbo, nikahisi kitu kigumu chini ya kitovu. Labda yalikuwa maharage. Siwezi kujisifu: nilikwenda Ijumbi kwa woga wa tumbo langu, si kwa wema.

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini na kifurushi cha nguo. Bibi yake alisema anakifunga kila asubuhi na kukifungua kila jioni, tangu siku ya mazishi.

"Utakufa lini?" mtoto aliniuliza kwa Kihaya, kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

"Sijui."

"Tata alisema wewe hufi mpaka nimalize shule," akasema, akimtaja baba yake. "Ni kweli?"

Sikuwa nimepima damu. Nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisipite mbele ya hospitali, na nilikuwa na sababu zangu za kuogopa, wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa tayari kaburini. Bibi alikuwa amenigeuzia uso wake usioona, akisubiri.

"Ni kweli," nikasema.

Mtoto akasimama, akanipa kifurushi nimbebee.